Kisiwa cha Mvita na Ng'ambo Zake



Mtu asimamaye ufuoni Mtongwe na kuelekeza uso wake kaskazini huiona bandari ya Kilindini mbele yake: meli zilizofunga gatini, mitambo ya kupakulia shehena, na nyuma yake majumba ya kisiwa cha Mombasa. Kushoto kwake mkono wa bahari waingia ndani hata Port Reitz na Dongo Kundu. Kulia kwake maji yapita Likoni mpaka bahari kuu.

Wako watu wengi wadhanio kwamba historia ya Mombasa yote imo ng'ambo ile ya kisiwa. Huko ndiko iliko Ngome ya Yesu, ndiko uliko Mji wa Kale pamoja na misikiti yake, ndiko mabaharia wageni walikotia nanga wakaandika habari. Upande huu wa bara, wasema wao, palikuwa na minazi, miembe na mashamba tu. Makusudi ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Kisiwa cha Mvita hakikuishi peke yake. Chakula chake kilivuka maji kutoka ng'ambo. Wapiga mishale wake walivuka maji vilevile. Na mara kadhaa watu wake walipona kwa kukimbilia ng'ambo, au walipotea kwa sababu ng'ambo iliwageuka. Ushahidi wa mambo hayo umo katika vitabu vya wageni na katika masimulizi ya wazee, lakini ulio mwingi umelala ardhini, nao wapungua kila mwaka.

KAZI YA WACHIMBUZI

Yafaa kwanza kueleza kazi ya wachimbuzi wa mambo ya kale, maana wengi huwadhania kuwa watu watafutao dhahabu iliyozikwa. Sivyo. Mchimbuzi apendacho zaidi ni jaa la takataka. Kila nyumba ina mahali pake pa kutupia majivu, mifupa ya samaki, makombe, na vyungu vilivyovunjika. Mwaka huu hufunika takataka za mwaka uliopita, na kizazi hiki hufunika za kizazi kilichopita. Baada ya miaka mia tano jaa huwa kama kitabu: ukurasa wa kwanza uko chini kabisa, na ukurasa wa mwisho uko juu.

Mchimbuzi hushuka polepole, tabaka baada ya tabaka, akiandika kila kitu alichokiona na kina alichokikuta. Kigae cha bakuli la Kichina kina thamani kwake si kwa sababu ya uzuri wake, bali kwa sababu mafundi wa China walibadili mitindo yao kila baada ya muda, na mitindo hiyo yajulikana. Kikikutwa kigae cha namna fulani pamoja na vyungu vya kienyeji, vyungu vile navyo hupata tarehe. Makaa ya mti na mifupa pia hupimwa, na kipimo chake huonyesha takriban miaka iliyopita tangu mti ukatwe au mnyama afe. Kwa hiyo kigae kilichotolewa mahali pake bila kuandikwa ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni na kuchukuliwa na upepo: maneno yangalipo, lakini hajulikani aliyeyasema wala lini.

ZAMANI MOMBASA HAIJAWA KISIWA

Historia ya Mtongwe ni ya zamani kuliko ya Ngome, ni ya zamani kuliko misikiti, tena ni ya zamani kuliko kisiwa chenyewe. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Shinshu cha Japani, wakiongozwa na Gen Omi, walichimba hapa Mtongwe wakakuta zana za mawe, yaani mawe yaliyochongwa na mikono ya watu ili kukatia, kuchunia na kupasulia. Watu waliozitumia hawakujua chuma wala kufinyanga vyungu. Waliishi kwa kuwinda na kuokota, katika zama ambazo hesabu yake ni maelfu mengi ya miaka.

Katika zama za baridi kuu, maji mengi ya dunia yaliganda yakawa barafu katika nchi za kaskazini na kusini, na bahari ikapungua. Miaka 20,000 hivi iliyopita usawa wa bahari ulikuwa chini ya usawa wa leo kwa mita zaidi ya 100. Wakati huo Kilindini haikuwa bahari. Ilikuwa bonde ambalo mto ulipita ndani yake, na bonde la pili lilipita upande wa Tudor na Nyali. Kati ya mabonde hayo palikuwa na kilima, na kilima hicho ndicho kiitwacho leo kisiwa cha Mombasa. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda ikajaza mabonde, na kilima kikazungukwa na maji. Ndiyo maana Kilindini pana kina kirefu kama jina lake lisemavyo, na meli kubwa hupita karibu na nchi kavu. Basi kisiwa na ng'ambo zake vilikuwa nchi moja, na aliyevitenga ni bahari.

Wala Mtongwe si peke yake. Katika pango la Panga ya Saidi, lililoko katika nchi ya Kilifi, wataalamu walikuta kaburi la mtoto mdogo aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Mtoto yule alilazwa kwa upole, amekunja miguu, na dalili zaonyesha kwamba kichwa chake kiliwekewa kitu cha kukiegemeza. Mtu asomaye habari hiyo hawezi tena kusema kwamba pwani hii haikuwa na wenyewe kabla ya majahazi ya wageni kufika.

VIGAE VYASEMA NINI

Kwa muda mrefu vitabu vingi vilifundisha kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Bara Arabu na Ajemi, na kwamba wenyeji walikuja baadaye kuwa watumishi wao. Mafundisho hayo yaliwaumiza watu wa pande mbili. Mtu wa mjini aliambiwa kwamba ili awe na heshima yampasa kutafuta babu wa ng'ambo ya bahari. Na mtu wa mashambani aliambiwa kwamba majumba ya mawe hayamhusu.

Uchimbuzi umelipima jambo hilo. Katika miji ya kale kabisa ya pwani, yaani iliyokuwako baina ya karne ya 6 na ya 10, vyungu vilivyo vingi ni vya kienyeji, vya namna moja, vilivyochorwa pembetatu shingoni kabla ya kuchomwa. Vyungu hivyo vimeonekana visiwani Lamu, Unguja na kwingineko. Na vimeonekana pia bara, mbali na ufuo, katika vijiji vya wakulima na wafua chuma. Profesa Henry Mutoro alichimba katika kaya za Mijikenda akaonyesha kwamba historia ya makazi yale na ya miji ya pwani haziwezi kutengwa. Mfinyanzi wa kisiwani na mfinyanzi wa bara walijifunza kazi kwa mama mmoja.

Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe. Chini ya msikiti ule alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, na ile ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti na udongo, ya tangu karne ya 8. Haikuwa kwamba merikebu ilifika siku moja na mafundi ikashusha mji mzima. Mji ulikua pole pole mahali pake, kwa mikono ya watu wake, toka mti na udongo hata jiwe na chokaa.

Wageni walikuwako, na si haki kuwakana. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima chembe za urithi katika mifupa ya watu 80 wa kale wa pwani ya Kenya na Tanzania pamoja na bara, na miongoni mwao walikuwako waliozikwa Mtwapa, karibu kabisa na Mombasa. Ilionekana kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi watu wa pwani walichanganya damu na watu kutoka Asia, hasa Ajemi. Na kwamba kwa wengi wao upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika, na upande wa baba ulikuwa na wageni wengi. Mgeni alikuja, akaoa katika mji uliokwisha kuwako, na watoto wake wakasema lugha ya mama yao. Lugha hiyo ndiyo Kiswahili.

MJI WA KISIWANI NA CHAKULA CHAKE

Kisiwani Mombasa, Hamo Sassoon alichimba katika miaka ya 1970 karibu na Hospitali Kuu ya Pwani, akakuta mabaki ya mji wa kwanza, yenye umri wa karibu miaka elfu moja. Masimulizi ya wazee humtaja malkia Mwana Mkisi na mji wake wa Kongowea, kisha humtaja Shehe Mvita, aliyeupa mji jina la Mvita. Wengine husema jina hilo latokana na vita, na mtu akifikiri yaliyopata kisiwa hiki hawezi kuwashangaa.

Mwaka 1331 hivi alifika msafiri Ibn Battuta wa Moroko, akalala usiku mmoja. Aliwasifu watu wa Mombasa kwa uchaji Mungu wao, akasema misikiti yao ni ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Tena akaandika neno moja linalopaswa kukumbukwa na kila mtu wa Mtongwe: kwamba kisiwani hapakulimwa nafaka, na kwamba nafaka yao ililetwa kutoka nchi ya Sawahili. Maneno hayo yaonyesha kwamba mji uliosifiwa ulilishwa na majembe ya watu wengine. Mji ule ulikuwa na samaki na ndizi, lakini jembe lililoujaza ghala halikuwa la kisiwani.

Kwa hiyo mapatano ya kisiwa na ng'ambo hayakuwa adabu tu; yalikuwa riziki. Waswahili wa Mombasa walikuja kujipanga katika Thenashara Taifa, mafungu mawili: Tisa Taifa, ambao miongoni mwao ni Wamvita, Wakilifi na Wamtwapa, na Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Kila fungu lilikuwa na marafiki zake bara miongoni mwa watu walioitwa zamani Wanyika na ambao sasa huitwa Mijikenda. Wakilindini walishikamana na Wadigo, wenyeji wa pwani hii ya kusini. Mji wa Wakilindini uliitwa Tuaka, nao ulikuwa upande wa magharibi wa kisiwa, penye maji ya Kilindini. Karibu na upande huohuo, Mbaraki, ungaliko mnara wa mawe usimamao juu ya bandari. Sassoon alipachimba mwaka 1977 akaonyesha kwamba hapo palikuwa na msikiti katika karne ya 15, ukaachwa katika karne iliyofuata, na nguzo ikajengwa baadaye.

VITA VYA KISIWA

Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, asipatane na wenyeji. Miaka saba baadaye, tarehe 15 Agosti 1505, Francisco d'Almeida aliushambulia mji kwa manowari zake, akauteka, akaupora na kuuchoma moto. Miongoni mwa walioutetea walikuwako wapiga mishale walioletwa kutoka bara. Mwaka 1528 Nuno da Cunha aliuteka tena. Safari hii watu wa mji walivuka maji kwenda bara, na kutoka huko wakawa wakirudi kumshambulia. Askari wake wengi walikufa kwa maradhi, naye alipoondoka mwaka 1529 aliuacha mji ukiwaka. Mara zote mbili mji ulijengwa upya. Uliweza kujengwa upya kwa sababu watu wake walikuwa hai, na walikuwa hai kwa sababu walikuwa na ng'ambo ya kukimbilia.

Mwaka 1589 mambo yalikuwa mengine. Amir Ali Bey, Mturuki, alikuwa kisiwani kwa mapatano na mfalme wa Mombasa dhidi ya Wareno. Wakati huohuo jeshi la Wazimba, lililopanda kutoka kusini na ambalo Wareno waliandika habari zake za kutisha, lilipiga kambi bara karibu na kivuko cha Makupa, mahali ambapo maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Mwezi wa Machi manowari za Wareno chini ya Tomé de Sousa Coutinho ziliingia bandarini na kuzikamata merikebu za Waturuki. Wazimba nao wakavuka Makupa. Watu wa Mombasa walijikuta wana adui baharini na adui bara. Wengi waliuawa, wengine walijitupa baharini, na baadhi yao wakazama. Safari hii hapakuwa na ng'ambo ya kukimbilia, na mji ulioweza kuinuka baada ya mioto miwili haukuinuka tena kama ulivyokuwa. Wazimba waliendelea hata Malindi, wakavunjwa huko na watu wa mji huo pamoja na Wasegeju. Haikupita miaka mingi, Wasegeju wakaitwaa Mombasa, na shehe wa Malindi akahamia huko kuwa mfalme, akiwa rafiki wa Wareno.

NGOME NA NGUO

Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu tarehe 11 Aprili 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, fundi wa Kitaliano. Ni jengo la nguvu, na mwaka 2011 liliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini ngome ile haikuweza kujilisha. Wareno walilazimika kuwapa watu wa bara nguo mara kwa mara ili amani ikae na chakula kije. Walijenga pia vingome vidogo Makupa kukilinda kivuko. Juu ya lango la Ngome yangaliko maandishi ya mwaka 1639 ya Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, ajisifuye kwa kuwaadhibu watu wa pwani na wa bara. Msomaji wa maandishi hayo na ajiulize: kama kweli walikuwa wametiishwa, nguo zile zilikuwa za nini?

Nguo hizo ziliweza pia kununua damu. Mwaka 1614 Sultani Hasani wa Mombasa aligombana na kapteni wa Wareno, akakimbilia Rabai kwa marafiki zake. Wareno wakawapa watu wa huko nguo nyingi, na mgeni akauawa na wenyeji wake. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe, Yusuf bin Hasani, alilelewa Goa na mapadri, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, akarudi kutawala. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, na Wareno wa Mombasa wakaangamia. Mwaka uliofuata alishinda manowari zilizotumwa kumwondoa, kisha akaondoka kwa hiari yake kwenda baharini. Kisa hicho chafaa kusimuliwa chote, na si nusu yake. Maana kina ushujaa, kina ukatili, na chanzo chake ni mapatano yaliyovunjwa ng'ambo.

Tarehe 13 Machi 1696 Waarabu wa Omani waliihusuru Ngome. Mazingira hayo yalidumu miezi 33. Watu wapatao elfu mbili na mia tano waliingia ndani kutafuta usalama, wengi wao Waswahili, na maradhi yakawamaliza. Mwaka 1697, Wareno waliokuwamo walipokwisha kufa, aliyeongoza ulinzi alikuwa Bwana Daud wa Faza pamoja na watu wake, mpaka msaada ulipofika. Katika msaada huo ilikuwako manowari Santo António de Tanná, ambayo ilizama chini ya kuta za Ngome mwaka huohuo. Kuanzia 1977 hata 1980 wapiga mbizi wa elimu ya kale, wakifanya kazi pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitoa humo maelfu ya vitu. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698.

Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, na mwaka 1729 watu wa Mombasa wenyewe wakawatoa. Masimulizi ya mji yasema kwamba ujumbe uliokwenda Omani baada ya hayo ulikuwa na wazee wa Thenashara Taifa pamoja na watu wa Wanyika. Katika jambo kubwa la kuamua nani atatawala, kisiwa hakikuthubutu kwenda bila ng'ambo yake.

YALIYOPOTEA NA YALIYOBAKI

Fundisho la vita hivi vyote ni moja. Kuta za mawe hazikuuokoa mji uliokosa marafiki bara, na mji usio na kuta uliinuka tena ulipokuwa nao. Lakini fundisho hilo laweza kuthibitishwa tu kama ushahidi wa pande zote mbili upo. Ushahidi wa kisiwani umehifadhiwa kwa sehemu. James Kirkman alichimba Ngomeni baada ya jela kuondolewa mwaka 1958, na tangu 1960 Ngome imekuwa makumbusho. Ushahidi wa ng'ambo haukupata bahati hiyo. Hata kisiwani, mji wa Tuaka hauonekani tena; bandari, barabara na majumba vimepafunika mahali pake.

Upande wa kusini nao unajengwa kwa haraka. Barabara ya Dongo Kundu imefungua nchi iliyokuwa mashamba, viwanja vinapimwa, na misingi inachimbwa Likoni, Mtongwe na kwingineko. Hapana aliye na haki ya kuwalaumu watu kwa kujenga. Mtu aliyekopa fedha ili awajengee watoto wake nyumba ya mawe hawezi kuambiwa angoje miaka mitano kwa ajili ya vigae. Lakini yako mambo machache yasiyomgharimu mtu kitu, nayo yaweza kuokoa mengi.

La kwanza: mtu achimbaye msingi, kisima au shimo la choo, akikuta vigae vingi mahali pamoja, au ushanga, au mavi ya chuma, au mawe yaliyochongwa, au mifupa ya watu, asivitupe pamoja na kifusi. Aviache mahali pake, asimamishe kazi pembe hiyo tu, na kupeleka habari kwa Makumbusho ya Taifa, ambayo yana watu wake Ngomeni. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi yamtaka kila avumbuaye kitu cha kale atoe habari. Kama vitu vimekwisha kutolewa, avikusanye pamoja na kuandika mahali vilipotoka na kina chake.

La pili: magofu si machimbo ya mawe. Ukuta wa kale ukivunjwa ili mawe yake yajenge ukuta mpya, mwenye kuvunja amepata mawe ya siku moja, na wajukuu wake wamepoteza hati yao.

La tatu: asikubali mtu kuuza kwa mpita njia bakuli la kale au jiwe la kaburi. Bei yake huwa ndogo, na kitu kikiisha kutoka mahali pake hakisemi tena.

La nne lawahusu wazee na vijana pamoja. Yako majina ya visima, vya mikoko, vya mahame na makaburi yajulikanayo na wazee wachache tu. Kijana aliyesoma na akae na babu na bibi yake, aandike jina, mahali, na maneno yasemwayo juu yake, hata kama mzee huyu amsahihisha yule. Mara nyingi mchimbuzi aliongozwa mahali pa kuchimba na jina lililobaki kinywani mwa mzee mmoja.

Mkaidi aweza kuuliza: Vigae vya watu waliokufa vitamfaa nini mtu aliye hai? Jibu ni kwamba watu wa pwani hii wameambiwa na wengine mara nyingi wao ni nani: mara ni wageni katika nchi yao, mara ni wenyeji wasio na historia. Mtu asiye na hati hawezi kumshinda mwenye maneno mengi mbele ya kadhi. Hati za Mtongwe zimo ardhini, tangu zana za mawe za watu waliokaa hapa bahari ingali bonde, hata vyungu vya wakulima walioilisha Mvita. Jembe la mkulima lilizihifadhi kwa miaka mingi kwa sababu halifiki mbali. Mashine za leo hufika mbali, na kazi yao huisha kwa asubuhi moja. Basi aonaye kigae na akiinamie kwanza, kabla mashine haijapita.